Mashine ya sumaku inayosoma ubongo kabla ya kupiga, ina tofauti gani na ya kawaida?

mdadisi_wa_afya: Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wenye uelewa. Dada yangu anatibiwa sonona kwa TMS, yaani mapigo ya sumaku ya kuchochea ubongo, anawekewa koili (waya uliozungushwa unaotoa sumaku) kichwani inapiga ta-ta-ta basi anarudi nyumbani, nafuu ipo ila ndogo, na mwenzake walioanza pamoja amebadilika kabisa. Sasa nasikia kuna mashine zinasoma mawimbi ya ubongo papo hapo na kujirekebisha kwa kila mtu. Ni kweli au ni matangazo tu? Kwani hii ya kawaida haimpimi mtu?

fundi_mawimbi: Inampima mkuu. Wanapiga sehemu inayoendesha mkono mpaka kidole gumba kiruke, hapo ndo wanajua waseti nguvu kiasi gani. Shida ni kwamba baada ya hapo mashine inafuata ratiba yake, haijui ubongo uko kwenye hali gani dakika hiyo, na ubongo hautulii hata kidogo. Pale sehemu ya mkono kuna mdundo unaopanda na kushuka kama mara 10 kwa sekunde, ukipiga ukiwa bondeni msuli unaitika kwa nguvu, ukipiga ukiwa kileleni, koili ileile na nguvu ileile, unaitika kidogo. Watafiti kina Zrenner na Ziemann kule Tübingen, Ujerumani, walionyesha mwaka 2018 kwamba mapigo ya bondeni yanaacha mwitikio umeongezeka hata baada ya kumaliza, yaliyopigwa ovyo ovyo hayakufanya hivyo. Mimi hilo ndo linanipa matumaini sana.

neema_k: Naongezea kwa fundi, kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyosikika. Mzunguko mmoja wa mdundo huo ni milisekunde 100 tu, mpaka elektrodi (vile vinasa mawimbi vya kubandika kichwani) zisome, kompyuta ichuje makelele, bonde limeshapita, kwa hiyo programu inabidi ikisie bonde linalofuata liko wapi na kufyatua koili kabla. Halafu kila pigo la sumaku linavuruga usomaji kwa muda. Na huko mbele ya ubongo wanakotibia sonona mdundo kwa wengine ni hafifu mno, kuudaka ni shughuli. Ndo maana mpaka leo hii iko zaidi kwenye utafiti kuliko wodini.

mdadisi_wa_afya: Asanteni sana. Sasa ile ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, inayosemwa ni ya mtu binafsi ndo hiyohiyo?

neema_k: Hapana, ile inaitwa SAINT, iliruhusiwa 2022 na FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, na inatumia picha ya MRI kuchagua mahali pa kupiga kwa kila mgonjwa, kisha vipindi 10 kwa siku kwa siku 5. Inabinafsisha mahali, haifuati mawimbi wakati wa kupiga.

fundi_mawimbi: Kwa dada, asikatishe tiba, wengine nafuu inachelewa kidogo. Muulizeni daktari mahali pa koili walipapataje, kwa kupima kichwa na utepe au kwa picha, na kama ile nguvu wameipima tena tangu aanze, hasa kama amebadilishiwa dawa au halali vizuri, maana vyote viwili vinabadilisha ubongo unavyoitika. Na tafadhali asinunue vile vifaa vya umeme vya kujiwekea mwenyewe nyumbani bila daktari wake kujua.

mdadisi_wa_afya: Ubarikiwe, nayaandika haya yote twende nayo kliniki.