Mkanda wa jimu, mm 10 au mm 13? Waliovaa tupeane uzoefu

Chuma Tandika

Wakuu habari za saa hizi. Nimeona nianzishe huu uzi maana kila wiki pale jimu yetu kuna mtu mpya ananiuliza kaka ninunue mkanda wa unene gani, na mimi enzi zangu nilijibiwa kwa mkato tu, chukua mm 13 ndio mkanda wa wanaume, basi. Hakuna aliyeniuliza nina kilo ngapi wala nanyanyua nini. Nikaingia mkenge.

Nilikuwa na kilo 74, skwati yangu, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma begani, kilo 130. Nikamwagizia ndugu yangu aliyekuwa anarudi kutoka Dubai, laki moja na themanini ikanitoka. Ule mkanda ulikuwa mgumu jamani, ukiusimamisha sakafuni unakaa wima wenyewe kama ubao. Siku ya kwanza nimeweka kilo 60 tu za kupasha mwili, nikishuka chini ukingo wa juu unaingia kwenye mbavu, ukingo wa chini umekaa juu ya mfupa wa nyonga, usiku nikawa siwezi kulalia ubavu. Asubuhi nikajiangalia kwenye kioo, mistari miwili myeusi kushoto na kulia. Dedilifti, ile ya kuinua chuma kutoka sakafuni, ndio kabisa, nikiinama kushika chuma tumbo halina pa kwenda, naishia kuvuta pumzi ya kifuani, chuma kikitoka chini mgongo unakunjika. Miezi miwili nikajua tatizo ni mimi, sijakomaa.

Kuna kaka mmoja mkubwa pale jimu akanikalisha kwenye benchi akaniambia weka vidole ubavuni, hapo kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, hesabu vinaingia vingapi. Vikaingia vinne vimebanana. Vidole vyangu vinne ni kama sentimita 8, mkanda upana wake sentimita 10. Yaani hauna nafasi ya kukaa hata kidogo, na kwa kuwa ni mm 13 mpya, ngozi haikubali kupinda inifuate mimi. Akaniazima wa kwake wa mm 10, ameuvaa miaka mitano, upana ni ule ule sentimita 10 ila kingo zimelainika zimekaa umbo la mtu. Siku hiyo nikapiga kilo 120 mara tano na mbavu haziumi.

Kitu nilichokuja kuelewa baadaye na nataka wadogo zangu wakielewe mapema: mkanda haukushikilii mgongo. Unaoshikilia mgongo ni mgandamizo wa ndani ya tumbo lako mwenyewe, unavuta pumzi mpaka chini, unalisukuma tumbo mbele, pembeni na nyuma, mkanda kazi yake ni kuwa ukuta wa kusukumia. Sasa ukuta kama unakuumiza hutausukuma kabisa, mwili wenyewe unakwepa.

Na hii namba 13 isituchanganye. Shirikisho la kimataifa la powalifti, IPF, sheria yao inasema mkanda usizidi upana wa sentimita 10 na unene wa mm 13. Huo ni mwisho wa ruhusa. Wauzaji wameugeuza kuwa kipimo cha ubora.

Basi tiririkeni, taja uzito wako, mazoezi yako na mkanda wako, na ulikuumiza au ulikusaidia.

Mzito wa Kongowea

Asalam aleikum ndugu zangu. Mimi niko upande wa pili wa hadithi yako kaka Tandika. Nina kilo 118, kiuno kipana, na nafasi ya mbavu mpaka nyonga mimi naingiza kiganja kizima na kidole gumba juu. Nilianza na mshipi wa mm 10 nikautumia mwaka na nusu, haukuwa mbaya, ila nilipofika skwati ya kilo 220 nikawa nausikia unapinda pale mbele, nikijaza tumbo ngozi inafanya mkunjo karibu na kile chuma cha kufungia, nasikia nguvu inapotea. Nikahamia mm 13 wa leva, yaani unaofungwa kwa mkono wa chuma wa kubonyeza badala ya pini. Alhamdulillah tofauti niliiona, tumbo likigusa linagota.

Lakini msidanganyike, ulinichukua kama miezi mitatu kulainika. Kila usiku nilikuwa naukunja kama mkeka, naufunga kamba, kesho nageuza upande wa pili. Mtu aliniambia niuloweke maji, nikakataa, na nashukuru nilikataa kwa sababu rafiki yangu aliuloweka wake, ulipokauka ngozi ikapasuka kwenye matundu na tabaka zikaanza kuachana. Ngozi nene namna hii mara nyingi ni vipande viwili vimegandishwa kwa gundi, maji na gundi havipatani.

Neno la leva: ni raha, unabonyeza tu tap umebanwa, ukimaliza seti unaachia unapumua. Ila ukitaka kubadilisha tundu lazima bisibisi. Ramadhani mimi hupungua kilo nne tano, mshipi unalegea, naenda jimu baada ya tarawehe na bisibisi mfukoni. Na kwenye dedilifti nataka ulegee tundu moja kuliko skwati, na leva hainipi hiyo, kwa hivyo dedilifti nimerudi kwa ule wangu wa zamani wa mm 10 wa pini moja. Nina mishipi miwili na sioni aibu kusema hivyo.

Mama Wawili Nairobi

Mimi nataka wadada wasome hii. Nina kilo 61, urefu futi tano na inchi mbili, na watu wengi huko jimu walikuwa wananiambia ati mshipi wa wanawake ni ule mwembamba wa velkro rangi ya waridi. Nikanunua. Kwa seti za kawaida ulikuwa sawa, lakini nilipofika dedilifti kilo 90 nikijaza pumzi ile velkro inaanza kulia krrr na kufunguka pole pole, sasa akili yangu yote iko kwa mshipi badala ya kwa chuma. Nikaenda nikachukua wa ngozi mm 10 lakini upana wa inchi tatu, yaani sentimita saba na nusu. Hapo ndio nilipata amani. Kumbe unene haukuwa shida yangu, shida ilikuwa upana, na hakuna mtu alikuwa amewahi kuniambia unaweza kuchagua upana.

Halafu hili nalisema kwa uzito. Baada ya mtoto wa pili nilirudi jimu nikafunga mshipi nikakaza kabisa nikidhani unanisaidia kurudisha tumbo. Haukunisaidia, nilianza kuvuja mkojo kidogo kila nikiskwati na nilinyamaza kwa sababu ya haya. Nilienda kwa daktari wa mazoezi ya viungo akanieleza kwamba mgandamizo ule ukizuiwa mbele na nyuma unashuka chini, na misuli ya chini ya nyonga zangu ilikuwa bado haijapona. Nilikaa bila mshipi karibu miezi saba nikijifunza kupumua upya. Mabinti, mkiona hivyo msinyamaze, ni jambo la kutibiwa.

Venia Gerezani

Mimi ni fundi wa mashine ya kukereza hapa Gerezani na nanyanyua jioni. Nataka kusema jambo moja ambalo naona wengi hawalijui, nalo ni kwamba hizo namba mnazoandikiwa na wauzaji, wanunuzi hawazihakiki. Mimi nina venia, kile kipimio cha unene chenye taya, mfukoni muda wote, kwa hiyo vijana wa jimu wananiletea mikanda napima. Mkanda mmoja uliouzwa kama mm 10, kwenye chuma cha kufungia nikapata 10 kweli, nikasogea mpaka mgongoni nikapata 10, lakini nikibana taya za venia kidogo tu inashuka mpaka 7. Mwenye nao alikuwa tayari ameshaona mshono umeachia upande mmoja, nikamwomba ruhusa nikafungua zaidi. Ndani ngozi ni nyembamba, juu yake kuna sponji, na katikati kadibodi iliyoshindiliwa. Kijana wa watu alikuwa amelipa elfu tisini. Nilisikia uchungu kama ni wangu.

Kwa hiyo usipime unene tu, bonyeza. Ngozi halisi ukibonyeza kwa ukucha inaacha alama kidogo lakini haizami kama godoro. Angalia ukingo, kama umefunikwa umeshonwa kote huoni ndani, jiulize kwa nini. Mkanda mzuri mara nyingi unaona tabaka zake ukingoni, ngozi katikati na suedi ndani na nje. Angalia matundu yamechongwa sawasawa. Pini mbili zinapendeza ila tundu zisipolingana utahangaika kuufunga na chuma kinakusubiri, pini moja inatosha.

Na mitumba msiidharau. Mkanda wangu nilipata Karume, ngozi tupu mm 10, mtu wa nje huko aliutumia miaka mingi ukalainika, mimi nikaupata umeshaiva. Chuma cha kufungia kilikuwa na kutu, nikakikereza kingine. Fundi viatu hapa jirani akapitisha msharasi akashona upya kwa uzi uliopakwa nta, mpaka leo mwaka wa sita.

Kocha wa Klini

Naongezea kwa wale wa upande wa Olimpiki, snachi (chuma kutoka chini mpaka juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja) na klini na jeki (kinapanda begani kwanza, halafu juu ya kichwa). Huku kwetu sheria ya IWF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, inaruhusu upana mpaka sentimita 12, lakini mimi sijawahi kumvalisha kijana wangu mkanda wa mm 13 na sitamvalisha. Chuma kinapanda kikigusa mapaja na kiuno, halafu unazama chini haraka kiwiliwili kikiwa wima, mkanda mnene unagongana na chuma juu na mapaja chini. Vijana wangu wanavaa wa ngozi laini, mpana mgongoni na mwembamba mbele, unene kama mm 6 hivi, na kwenye snachi wengi hawavai kabisa. Kwa hiyo swali la mm 10 au 13 ni swali la watu wa skwati na dedilifti nzito, mtu wa klini asinunue kwa kusikia huu uzi tu.

Mzee Moro

Wanangu, nina miaka 57 na presha. Nilikuwa nabana mkanda nashika pumzi mpaka macho yananitoka, siku moja nikaona nyota nikakaa chini, dunia inazunguka. Daktari akaniambia kushika pumzi ukiwa umebeba mzigo presha inaruka juu ghafla, na kwa umri wangu na dawa ninazotumia huo mchezo niuache. Mkanda wa mm 13 nimempa mwanangu. Sasa nanyanyua uzito wa wastani, natoa pumzi taratibu chuma kikipanda, na afya ipo. Mwenye presha au ngiri aonane na daktari kabla ya kuhangaika na milimita.

Dogo Nyegezi

Shikamooni wakubwa. Mimi nina miezi minne tu, kilo 63, skwati kilo 70. Jimu yetu ni ya uani, pleti nyingine ni saruji kwenye makopo ya rangi na chuma ni bomba la maji. Nimejichanga nina elfu themanini. Ninunue wa ngapi?

Chuma Tandika

Marahaba mdogo wangu. Kwa moyo mmoja nakuambia, hiyo elfu themanini kaa nayo kwanza. Kilo 70 mgongo wako unaziweza bila mkanda ukijua kupumua, na usipojua kupumua hata wa mm 13 hautakusaidia. Fanya hivi: lala chali, weka kiganja kimoja juu ya kitovu, kingine ubavuni, vuta pumzi mpaka viganja vyote viwili vinyanyuke na kifua kitulie. Ukishaweza ukiwa umelala, fanya umesimama, halafu na chuma kitupu begani. Wengine humfunga mtu kamba ya kawaida kiunoni isiyobana, ukijaza pumzi sawasawa unaisikia kamba inagusa mzunguko wote, mpaka mgongoni, na ukiisikia tumboni tu ujue bado.

Ukija kununua baadaye, pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani usawa wa kitovu, tumbo limelegea. Usitumie saizi ya suruali, mimi suruali ni 32 lakini kwenye kitovu nina inchi 34 na nusu, ningeagiza kwa suruali ningeishia tundu la mwisho. Chagua ule ambao utaangukia matundu ya katikati ili ukinenepa au ukipungua uwe na pa kwenda. Na ukishaufunga, ukitoa pumzi yote, kidole kiweze kupenya kati ya mkanda na tumbo. Kisipopenya umebana mno, huna nafasi ya kujaza.

Mzito wa Kongowea asante sana kaka, mimi wangu wa mm 13 ulikuwa kabatini, nimempelekea jamaa wa kilo 110 hapa Mbagala, ameufunga ukamkaa mpaka nikashangaa, mkanda ni ule ule ulionitesa mimi.

Na Mama Wawili, dada, hayo ya kwako kuna watu watayasoma kimya kimya na watapona. Shukrani.

Dogo Nyegezi

Asanteni sana wakubwa. Nimekaa kwenye kigoda nimepima ubavuni, vidole vitano vimeingia na nafasi imebaki kidogo. Leo jioni nimefunga kamba ya manila kiunoni kama ulivyosema, kilo 50, mbele naisikia vizuri, nyuma bado. Kesho kutwa narudia.