Tupeane uzoefu: wakija na bunduki, shule yenu ingefanya nini?

Mama Zawadi
Leo binti yangu wa kidato cha pili amerudi na barua. Kila mzazi atoe shilingi 2,500 za "kuimarisha usalama": ukuta uongezwe urefu na getini iwekwe mashine ya kukagua mabegi. Nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali palipoandikwa watoto watafanya nini mtu akishalipita hilo geti. Hapapo. Al-Shabaab walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa 2015 walikufa watu 148, na getini kulikuwa na walinzi. Hao ndio waliopigwa risasi kwanza. Sasa nauliza walimu, askari, wanafunzi: kwenu kuna mpango wowote? Mmewahi kufanyishwa zoezi? Siasa wekeni kando, nipeni mliyoyaona.

Kisauni_Moja
Mpango upo mama. Kila mtu na miguu yake.

Matroni wa Zamu
Kwetu mlinzi wa usiku ni mzee mwenye wajukuu. Silaha zake ni rungu na tochi, na betri za tochi ananunua mwenyewe. Kengele ni ile ile moja, ya chakula, ya gwaride, ya moto. Ikilia usiku wasichana watadhani saa za prepu zimefika.

Ticha Kaskazini
Mama Zawadi umenigusa mahali. Nilifundisha kaskazini mashariki, kaunti sitaitaja wala shule. Walimu tusio wenyeji tulikaa pamoja kwenye nyumba ya mabati nyuma ya madarasa.

Usiku huo kulikuwa na mbalamwezi. Kilichonizindua ni mbuzi kuhangaika zizini, halafu nikasikia viatu kwenye changarawe. Watu wa kijiji kile hutembea na ndara, na usiku ndara husikii. Hivi vilikuwa buti. Mwenzangu wa kemia akasema ni doria, akataka atoke awasalimie. Nikamshika fulana. Kule askari hawapigi doria usiku na kila mtu anajua.

Tulitokea dirisha la jikoni. Hilo halikuwa na grili kwa sababu kontrakta alitoroka na pesa kabla hajamaliza kazi. Madirisha mengine yote yalikuwa nayo. Fikirini hapo, niko hai kwa sababu mtu alikula pesa ya serikali.

Tukakimbilia kwa mama mmoja aliyekuwa akituuzia maziwa ya ngamia. Hakuuliza kitu. Akatulaza chini, akaturundikia magunia matupu ya chakula cha msaada, akaketi mlangoni na tasbihi yake. Wakaja. Waliongea Kisomali, nami nilikuwa nikijua maneno machache tu, lakini "macallin" nililijua, maana ndivyo watoto walivyokuwa wakiniita darasani. Yule mama akawajibu kwa ukali, sauti juu, nikadhani sasa ametumaliza. Kumbe alikuwa anawafokea kwa kumwamshia wajukuu. Wakaenda zao. Wakachoma nyumba yetu, kisha wakalipua mlingoti wa simu, mtandao ukafa.

Kabla mlingoti haujaenda nilikuwa nimempata OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Alishika simu upesi, sitamsingizia. Akasema, "Mwalimu, jificheni. Tutafika kukipambazuka." Nilimchukia sana kwa neno hilo. Halafu nikaja kuelewa kwamba hawa watu hushambulia ili gari la polisi litoke, na bomu linakuwa limeshategwa barabarani likingoja waokoaji. Askari walifika jua limepanda, wakaokota maganda ya risasi na kutuandikisha maelezo. Sisi tukaondoka na basi la kwanza. Shule ikabaki na kijana mmoja wa pale aliyemaliza kidato cha nne, ndiye mwalimu wa madarasa yote.

Kisauni_Moja
Kwa hiyo huyo mama wa maziwa ndiye kikosi maalum. Apewe cheo wallahi.

Mtu wa Bulla
Ahsante mwalimu kwa kumtaja. Wengi wakisimulia humruka.

Jaluo Halisi
Wacheni kupaka watu mafuta. Kila mara wenyeji wanajua na wananyamaza.

Mtu wa Bulla
@Jaluo Halisi taratibu ndugu yangu. Desemba 2015 basi la kwenda Mandera lilisimamishwa, abiria wakaambiwa Waislamu kando, Wakristo kando. Waislamu wakakataa, wakasema tuueni sote au mtuache. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi hapo, akafariki Januari hospitalini Nairobi. Alikuwa naibu mwalimu mkuu, Mwislamu, mwenyeji. Naye alinyamaza?

Jaluo Halisi
Huyo namjua, shujaa. Sijasema wote.

Mtu wa Bulla
Umesema "wenyeji". Soma ulichoandika.

Mama Zawadi
Jamani, nimeomba siasa ziwekwe kando.

Afande Mstaafu
Naona OCS anasemwa. Niwaeleze, kisha mnitukane. Askari wa kituo amefunzwa doria, kukamata mwizi, kuandika OB, kitabu cha matukio. Kumwambia aingie bweni la ghorofa walimo watu wanne wenye AK na mikanda ya mabomu, wanafunzi wamelala sakafuni wafu kwa wazima, ni kumtuma akafe na aue watoto wenu kwa risasi zake. Kazi yake ni kuzingira, kuwapokea wanaotoka, na kungoja watu waliofunzwa kuvunja mlango.

Wakili Mtoro
@Afande Mstaafu kungoja mpaka lini? Garissa walianza alfajiri. Recce, kikosi maalum cha polisi, waliingia jioni na wakamaliza haraka. Waandishi wa habari waliotoka Nairobi kwa gari, karibu kilomita 370, walitangulia kufika. Kambi ya jeshi iko mji ule ule. Kati ya alfajiri na jioni watoto walikuwa wanapiga simu nyumbani kuaga.

Afande Mstaafu
Hilo sitalitetea. Kikosi kiko Ruiru, karibu na Nairobi, ndege haiko tayari, amri inapita meza nyingi. Lakini tulijifunza. Kwenye duka kubwa la Westgate, Nairobi, 2013, polisi na jeshi walifyatuliana risasi wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja na mkubwa wake. Hoteli ya Dusit, Nairobi, Januari 2019, mambo yalikuwa tofauti, vikosi viliingia mapema na watu zaidi ya 700 wakatolewa salama. Wafu 21 ni wengi, lakini linganisheni na 67 wa Westgate.

Wakili Mtoro
Dusit iko Riverside, afande. Kutoka hapo hadi makao makuu ya kila kikosi ni mwendo wa bodaboda. Shule ya mwalimu Kaskazini iko wapi?

Afande Mstaafu
Hapo umenishika.

Leso ya Mama
Samahani nakatiza. Mnaongelea wenye bunduki wakija. Mimi nitawaambia jinsi walivyotuumiza bila kuja.

Ilikuwa Aprili ile ile ya 2015, Garissa haijamaliza wiki mbili. Chuo sikitaji, wanaojua wanajua. Kwa siku zile hatukuwa tunalala, tulikuwa tunasinzia. Barua za vitisho zinazunguka kwenye WhatsApp kila jioni, mtu akiangusha sufuria korido nzima inatoka. Jumapili moja kabla ya alfajiri ukasikika mlipuko, na mwanga wa buluu ukapita dirishani. Kisha mwingine. Msichana mmoja chini akapiga yowe, "Wamekuja!" Basi.

Hakuna aliyetuambia tufanye nini siku ya namna hiyo, kwa hiyo kila mtu alifanya alichokiona kwenye TV. Wengine chini ya kitanda. Wengine kabatini. Wengi wetu tukashika ngazi, na ngazi zilikuwa zimejaa, walio mbele wameanguka na walio nyuma wanasukuma. Nilikanyaga mkono wa mtu, nikausikia. Nikarudi chumbani. Tulikuwa ghorofa za juu. Mwenzangu akafunga leso yake kwenye chuma cha baraza, akashuka nayo, ikararuka katikati akadondoka. Nikamsikia anaita jina langu kutoka chini, nikajua ni mzima, nikaruka nimwangukie mimi kabla hajaangukiwa na mwingine. Akili ya saa ile hiyo, msiniulize.

Kifundo cha mguu kilivunjika. Nililala kwenye majani huku watu wanaanguka kulia na kushoto, na nikawa najifanya maiti, kwa sababu Garissa walisema waliojifanya maiti walipona. Akaja kijana na tochi. Nikazuia pumzi. Akaniambia, "Dada, ni transfoma. Ni stima tu."

Mwanafunzi mmoja alifariki. Zaidi ya mia waliumia. Hapakuwa na bunduki hata moja.

Matroni wa Zamu
Pole mwanangu. Pole sana.

Ticha Kaskazini
Pole dada. Mguu ulipona?

Leso ya Mama
Hutabiri mvua, mwalimu. Na sipangi nyumba ya ghorofa.

Bongo Lala
Wakuu nimesoma hii nimeacha kazi. Pole dada. Na mwenzako wa leso je?

Leso ya Mama
Yupo Doha, ameolewa. Huwa ananidai leso.

Wakili Mtoro
Mwaka ule ule, Novemba 30, chuo kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la shambulio kwa milio ya risasi na watu waliojifanya magaidi. Wengi hawakuwa wameambiwa. Watu wakaruka madirishani. Mfanyakazi mmoja alianguka akafa, wengine wakaumia. Kwa hiyo Mama Zawadi ukidai zoezi, dai pia litangazwe.

Kisauni_Moja
Sasa zoezi likitangazwa si watoto watakuja na kamera?

Matroni wa Zamu
Afadhali kamera kuliko jeneza.

Afande Mstaafu
Mara ya kwanza mnatembea polepole, mchana, kila darasa linajua mlango wake. Mara ya pili mnapima muda. Milio ya risasi ya nini? Mtoto hahitaji kutishwa ndipo ajue njia ya kutokea.

Mjenzi Ruiru
Narudi kwenye grili ya mwalimu Kaskazini, maana imepitwa hivi hivi. Mwongozo wa usalama shuleni wa 2008 unasema wazi: dirisha la bweni lisiwe na grili, mlango ufungukie nje, upana usipungue futi tano. Shule ya Kyanguli, Machakos, 2001, wavulana 67 waliungua, mlango mmoja umefungwa kwa kufuli na madirisha yana vyuma. Nimepaka rangi mabweni mengi. Grili zimo.

Mkuu wa Shule K.
Rahisi kusema. Nilizitoa muhula wa kwanza, muhula wa pili magodoro yakatembea na wavulana wakawa wanaenda disko. Wazazi wale wale wakaja kunifokea kwamba shule haina usalama. Sasa nifuate mwongozo ama wazazi?

Mjenzi Ruiru
Weka grili yenye bawaba na komeo la ndani. Linafunguka kwa mkono mmoja.

Mkuu wa Shule K.
Komeo la ndani ndilo mlango wa disko, ndugu.

Mjenzi Ruiru
Basi wacha waende disko. Disko wanarudi.

Mkuu wa Shule K.
Wewe hujawahi kusimama mbele ya mzazi wa msichana aliyerudi na mimba.

Mwana Bwera
Nawasoma kutoka Kasese, Uganda. Juni 2023 waasi wa ADF waliingia shule ya Lhubiriha usiku, iko chini ya kilomita mbili na mpaka wa Kongo. Wavulana walijifungia bwenini, wakachomwa humo humo. Wasichana walifungua wakimbie, wakakutana na mapanga. Wanafunzi 37, na wengine wakabebwa. Kwa hiyo mnapobishana mlango ufungwe au ufunguliwe mimi nakosa la kuwaambia. Kijijini tulichouliza sisi ni kimoja: jeshi lilikuwa wapi saa zote hizo?

Jaluo Halisi
Hapa hakuna wa kubishana nawe. Poleni.

Bongo Lala
Huku kwetu Mtwara baada ya wale wapiganaji wa Msumbiji kuvuka na kuja Kitaya, 2020, wanajeshi walijaa mpakani. Shuleni sijaona tofauti. Mlinzi ni yule yule na filimbi yake.

Mama Ushanga
Mimi wangu nimewafundisha shahada ya Waislamu, wakikamatwa waisome.

Mtu wa Bulla
@Mama Ushanga sikukatazi, hofu ya mzazi naielewa. Lakini wakishaisoma huulizwa swali la pili, na la tatu. Afadhali wafundishe kukimbia mapema.

Kisauni_Moja
Na kuzima mlio wa simu. Hilo msicheke. Na sisi wazazi tukome kupiga! Mtoto yuko chini ya kitanda, mama anapiga kuuliza uko wapi. Tuma ujumbe.

Ticha Kaskazini
Kisauni leo amesema la maana, tarehe iandikwe.

Leso ya Mama
Jambo lingine. Yule msichana wa Garissa aliyejificha kabatini siku mbili, anakunywa losheni kwa kiu, alipoitwa na polisi alikataa kutoka. Alidhani ni wale wale wamevaa sare. Ikabidi aletwe mwalimu anayeijua sauti yake. Mnaonaje, shule na kituo zisikubaliane mapema nani ataita?

Afande Mstaafu
Wazo zuri hilo. Na OCS awe na mchoro wa shule, bweni liko wapi, lina ghorofa ngapi, maji yanafungwa wapi. Miaka yangu yote kazini sikuwahi kuletewa mchoro na shule hata moja. Na mimi sikuwahi kuagizwa niuombe.

Mama Zawadi
Nimewasoma wote, nimeshindwa kupika. Mkutano wa wazazi ni Jumamosi. Nitauliza funguo za bweni usiku anakaa nazo nani, kengele ya hatari ni ipi, na OCS alikanyaga pale lini mara ya mwisho.

Matroni wa Zamu
La funguo nikujibu bure. Mara nyingi anazo matroni, na nyumba ya matroni iko ng'ambo ya uwanja. Mimi natembea dakika tano na goti hili.

Mkuu wa Shule K.
Uliza, ni haki yako. Na zile 2,500 utalipa ama utaandika tu mtandaoni?

Mama Zawadi
Nalipa kwa awamu, mwalimu. Ya kwanza nikishaona mlango wa pili.

Fundi Gikomba
Habari wakubwa. Anayetaka grili ya bawaba inayofunguka ndani bila ufunguo aje inbox. Shule nafanya kwa jumla, bei tunaelewana.

Mkuu wa Shule K.
Komeo lake linalia likifunguliwa?

Fundi Gikomba
Naweza kulifanya lilie hadi kwa matroni.