Tupeane uzoefu: hesabu ya gesi inakubali kwenye karatasi, maabara inagoma

Mwl wa kemia
Wakuu, mliopitia maabara na mnaotumia gesi kazini njooni tupeane uzoefu. Naanza mimi. Nafundisha Mbeya, tuliweka magnesi gramu 0.12 kwenye asidi ya haidrokloriki ya kutosha, hiyo ni moli 0.005 (moli ni kipimo cha wingi wa chembe) na haidrojeni inatoka moli hizohizo. Vijana wakazidisha kwa 24, yaani lita za gesi kwa kila moli kwenye joto la chumba, wakapata sentimita za ujazo 120, silinda inasoma kama 150! Wakaanza kuilaumu asidi. Sasa huku tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, presha ya hewa ni kama kilopaskali 83 sio 101, ukiingiza kwenye PV = nRT (kanuni inayounganisha presha, ujazo, moli na joto la gesi) kwa nyuzi 22 (kelvini 295) unapata 148, na kwa vile gesi tunaikusanya juu ya maji ukiondoa presha ya mvuke inafika 152. Ile 24 waachieni watu wa Dar, na hata wao joto lao linaisogeza kwenye 25.

Fundi gesi
Mwalimu mi niliishia fomu foo ila hii naiishi kila siku. Kabaidi, yale mawe tunayotia maji kupata asetilini ya kuchomelea, kilo 1 ikiwa safi ni moli 15.6, asetilini yake lita 375 hivi, lakini ya dukani ina uchafu ukipata 300 shukuru Mungu. Kinachosumbua ni kasi sasa. Madonge makubwa yanatoa gesi taratibu, ule ungaunga wa chini ya debe ukigusa maji tu presha inapaa, jumla ya gesi ni ileile lakini imekuja yote kwa mpigo, na asetilini ikivuka psi 15 (pauni kwa inchi ya mraba) kwenye geji inaweza kulipuka yenyewe bila hata cheche. Unga siweki kabisa.

Dogo wa chuo
Hapo kwenye kasi wengi wanachukua gesi yote wanagawa kwa muda wote, hiyo ni wastani tu, mwanzoni inatoka mbio halafu asidi inapungua inazembea. Chora grafu uchukue mteremko wa mwanzo. Sisi kwa marumaru na asidi tulitumia mizani, gesi ikitoka uzito unashuka, ukipungua gramu 0.44 kwa dakika ni moli 0.01 za kabondaioksaidi, kama sentimita za ujazo 240 kwa dakika.

Mwl wa kemia
Mizani yetu inasoma desimali mbili, itatosha?

Dogo wa chuo
Inatosha mwalimu, ziba tu mdomo wa chupa kwa pamba, matone yakiruka nje mizani inayahesabu kama gesi.