Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kuwa opereta wa eskaveta

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu kamaliza kidato cha nne, sasa yuko saiti moja ya barabara kama utingo (msaidizi) wa eskaveta, ule mtambo wa kuchimba udongo. Kazi yake kupiga grisi kwenye pini za boom (mkono wa mtambo) na baketi, kucheki oili na haidroliki kabla ya mtambo kuwaka, na kukwangua matope kwenye cheni za kutembelea. Jioni opereta akiwa na moyo mzuri anamwachia levers za kuendeshea mtambo asawazishe kifusi. Dogo mkono anao, nimemwona mwenyewe.

Tatizo hana cheti wala leseni ya mitambo, na migodini huko Geita bila karatasi hizo hata getini hupiti. Nawaza kumpeleka VETA (mafunzo ya ufundi ya serikali), ila kuna vyuo vya mtaani vinaahidi cheti kwa wiki chache. Mimi siviamini sana.

Waliopita njia hii: aendelee saiti kwanza au aende chuo sasa? Na waajiri wanatambua vyeti vya nani? Yeye anataka pia greda (mtambo wa kusawazisha barabara), nami naona hiyo kazi ya finishing, yaani kumalizia uso wa barabara, isubiri. Au nakosea?