Likizo ya uzazi inaisha, dada wa kazi kaondoka na nyumbani hakukaliki, nifanyeje?

MamaWawili_Kimara:
Habari zenu wapendwa. Nina kachanga ka miezi mitatu kasoro na mkubwa wa miaka mitatu, Jumatatu narudi kazini maana zile siku 84 ndo zinaisha, na dada wa kazi kaaga ghafla eti kwao kuna msiba, mpaka leo simu hapokei. Nakaa Kimara kazi iko Posta, katikati ya jiji la Dar, mume wangu anaingia zamu kiwandani, wiki mchana wiki usiku. Mama mkwe anasema nimuanzishie mtoto uji mwepesi ili asisumbue nikiwa sipo. Mimi na mume siku hizi tukiongea maneno matatu la nne ni ugomvi, mpaka mkubwa kaanza tena kukojoa kitandani na alishaacha. Kuacha kazi siwezi, kodi tunachanga wote. Mliopita hapa mlifanyaje?

DadaMkubwa:
Pole sana mdogo wangu. Kwanza jua haki yako, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 33 inasema mama anayenyonyesha aruhusiwe mpaka saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Maofisi mengi hawakuambii mpaka udai. Sasa Posta na Kimara huwezi kwenda kunyonyesha ukarudi, omba hizo saa mbili zikatwe mwisho, yaani utoke saa tisa badala ya saa kumi na moja. Usiombe kwa mdomo, mwandikie barua afisa utumishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakigoma kabisa CMA ipo (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi), ila anza kwa kuongea vizuri.

NesiWaKliniki:
Uji hapana jamani, mpaka miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata maji bado. Mkwe usimjibu vibaya, nenda naye kliniki asikie mwenyewe kwa wahudumu. Anza kukamua leo, usisubiri Jumapili, mtoto azoee kunywa kwa kikombe kidogo (chupa ni ngumu kusafisha na zinaleta kuharisha). Nawa mikono, kamulia kwenye chombo safi chenye mfuniko. Nje ya friji yasikae zaidi ya muda wa saa nne, na kwa joto la Dar mie nasema yawahiwe zaidi, kwenye friji siku nne. Usiyachemshe, weka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto yapate uvuguvugu. Na ofisini kamua pia, usipokamua matiti yatajaa mpaka homa na maziwa yatapungua.

BabaNaye:
Shem mi naongea kama baba. Mzee akitoka zamu ya usiku anahitaji kulala, ukimwachia kichanga asubuhi mtagombana kila siku na mtoto hayuko salama. Wiki hizo tafuteni mama jirani mnayemwamini mumlipe, wiki za mchana vivyo hivyo, ila jioni na siku zake za off watoto ni wake, aogeshe, alishe, alaze. Kaeni chini na ratiba ya zamu muandike nani yuko na watoto saa ngapi, kwetu ugomvi mwingi ulikuwa kila mtu anadhani mwenzake ndo anapumzika. Sheria inatupa kina baba siku 3 tu mtoto akizaliwa, sasa hizi zinazobaki lazima tuzitafute wenyewe. Huyo mkubwa msimchape wala kumuaibisha, kapata mdogo, dada wa kazi kaondoka na nyumbani ni kelele. Mpeni muda wake peke yake, baba atoke naye hata mpaka dukani tu.

Shangazi_Temeke:
Mkubwa mpeleke kituo cha kulelea watoto mchana, lakini uliza usajili wake ustawi wa jamii, na uende saa sita bila taarifa uone wamelala wapi na wangapi kwa mlezi mmoja. Dada mwingine ukimpata muelewane mshahara na siku ya kupumzika mapema, wengi "msiba" ndo njia ya kuondoka.

MamaWawili_Kimara:
Asanteni sana, mume nimemsomea huu uzi wote, kakubali tukae Jumapili na ratiba. Barua naandika leo. Nesi, nikigandisha maziwa je?

NesiWaKliniki:
Gandisha kidogo kidogo, andika tarehe, ya zamani yatangulie. Yakishayeyuka yakae kwenye friji na yaishe ndani ya saa 24, usiyagandishe tena.