Naomba ushauri: dawa ya mzio isiyolevya

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni fundi wa kuchonga milango hapa Lamu. Kila nikipiga msasa, macho huwasha na kutoa machozi, pua hutiririka, chafya haziishi. Barakoa imesaidia pua kidogo, macho hapana. Klorofenamini, vile vidonge vidogo vya manjano, ilikausha mafua lakini ikanitia usingizi patasi ikiwa mkononi. Niliogopa sana, vidole ndivyo riziki yangu. Sasa natumia setirizini ya miligramu 10, kimoja usiku, ila asubuhi kichwa bado kizito. Sina presha wala pumu.

Waliotumia loratadini, dawa nyingine ya mzio, kazi za mchana mliziweza? Na kwa macho, matone ya mzio pekee yanatosha bila kidonge?