Naombeni ushauri: niuze PS4 mbili ninunue PS5 kwa ajili ya GTA 6, au nisubiri?

Mgosi wa Barabara ya 12

Wakuu, habari za jioni. Nina banda la gemu hapa Ngamiani, Tanga, huu mwaka wa nne. Ndani kuna mashine za PlayStation, PS4 tatu na PS3 moja, pamoja na runinga flati nne na feni moja ya kusimama. Zamu yangu ya upatu imefika, nikijumlisha na akiba nina milioni 1.1 mkononi.

Kinachonikosesha usingizi ni GTA 6, ile gemu ya uhalifu wa mjini inayosubiriwa. Mwenzangu mwenye banda upande wa Mkwakwani ameshanunua PS5 moja na kubandika karatasi mlangoni kwamba gemu hiyo itachezwa kwake. Tangu abandike, wateja wangu watatu wa kila siku sijawaona. Waliobaki kila mmoja ana habari yake. Huyu anasema itatoka mpaka kwenye PS4, kaona video. Yule anasema imesogezwa tena. Mwingine ananiambia PS6 iko njiani, nikinunua PS5 sasa nimenunua mzigo mfu.

Kuna mtu yuko tayari kuchukua PS4 mbili kwa laki 6. Hapo nafika milioni 1.7, na PS5 ya CD nimetajiwa milioni 1.65 Kariakoo. Nikifanya hivyo nabaki na PS5 moja, PS4 moja na ile PS3 ya watoto. Mfukoni sina kitu.

Niseme na hali ya vifaa, nisije nikaficha ugonjwa. Nina pedi nane za kuchezea, tano zimeisha mpira wa analogi ya kushoto, kile kijiti cha kumwongoza mchezaji. Nimekata vipande vya tyubu ya baiskeli kwa wembe nikavibandika na gundi. Vinashika, lakini mchezaji akiachia kidole beki anaendelea kutembea mwenyewe hadi kwenye kibendera cha kona.

Nina mke na watoto wawili wanaokula kutokana na banda hili. Naomba wanaofuatilia mambo haya waniambie lipi la kweli na lipi la kijiweni.

Raskazone Usiku

Salama mgosi. Hongera kwa kuuliza kabla hujauza, wengi huuliza baada.

La PS4 lifute kabisa. Rockstar, wanaoitengeneza, wametangaza GTA 6 kwa PS5 na Xbox Series X na S, basi. Hata trela ya pili ya Mei 2025 walisema wameirekodi kwenye PS5. Najua kwa nini vijana wanaamini vinginevyo. GTA 5 ilitoka Septemba 2013 kwenye PS3 na Xbox 360, miezi miwili tu kabla PS4 haijaingia sokoni, halafu toleo la PS4 likafuata mwaka uliofuata. Kwa hiyo aliyekuwa na mashine ya zamani ndiye aliyecheza kwanza, na kumbukumbu hiyo imebaki mitaani. Safari hii mambo yamegeuka: PS5 iko sokoni tangu Novemba 2020 na gemu imejengwa juu yake. Na anayetamani walazimishe kuiingiza kwenye PS4 akumbuke gemu ya Cyberpunk 2077. Desemba 2020 ilitoka kwenye PS4 ikiwa mbovu kiasi kwamba Sony, wenye PlayStation, waliiondoa kwenye duka lao la mtandaoni baada ya wiki moja hivi, ikarudi Juni 2021.

Tarehe waliyoitangaza ni 19 Novemba 2026. Ya kwanza walisema 2025, wakaja 26 Mei 2026, halafu hii. Usiwakasirikie, ndiyo desturi yao. GTA 4 ilikuwa itoke Oktoba 2007 ikatoka Aprili 2008. GTA 5 ilisogezwa kutoka majira ya kuchipua ya 2013 hadi Septemba. Red Dead Redemption 2, gemu yao nyingine, ilisogezwa mara mbili mpaka Oktoba 2018. Kwa hiyo bajeti ya nyumba yako usiifunge kwenye siku moja ya kalenda ya watu wengine.

PS6 isikutishe. Oktoba 2025 Mark Cerny, msanifu mkuu wa PlayStation kwa Sony, alikaa na mtu wa AMD, wanaotengeneza chipu za mashine hizo, wakaeleza teknolojia mpya za michoro, akasema anatamani kuziona kwenye mashine ya baadaye, miaka michache ijayo. Mtaani hiyo imekuwa "PS6 imetoka". Na hata ikitoka, mashine ya zamani haifi siku hiyo. FC 26, gemu ya mpira, imetoka Septemba 2025 na kwenye PS4 ipo, karibu miaka mitano baada ya PS5 kuanza kuuzwa.

Kijana wa Chumbageni

Mimi nitasema tofauti. Mgosi nunua, na nunua mapema.

Zamani mashine ikikaa sokoni bei inashuka. PS5 imekwenda kinyume. Ya CD ilianza dola 499 Marekani mwaka 2020, Agosti 2025 Sony wakapandisha ikafika dola 549. Unayemwambia asubiri unamwambia asubiri bei ipande. Halafu karibu na siku ya gemu kila mwenye banda kuanzia Tanga hadi Dar atakuwa Kariakoo siku moja, na wauzaji wa pale wanajua kusoma uso wa mwenye haraka.

La pili, jina. Mji huu mdogo. Banda likishajulikana kwamba ndilo lenye kitu kipya, watu hawaendi kwingine hata ukija kununua baadaye. Mimi nilikuwa nacheza sehemu moja, jamaa alipoleta PS5 tukahamia kwake wote, na hatujarudi mpaka leo. Yule wa mwanzo hakutukosea lolote.

Daftari la Pongwe

Kijana umesema vizuri, na la bei sikupingi. Ila nina banda huku Pongwe na ninaandika kila mechi, kwa hiyo twende kwenye hesabu. Mgosi, kwako mechi shilingi ngapi, na mashine moja inatoa mechi ngapi kwa siku?

Mgosi wa Barabara ya 12

Mia tano, dakika sita kila kipindi, anayefungwa ndiye analipa na anampisha anayefuata. Siku ya kawaida PS4 moja haikosi mechi 25. Jumamosi na Jumapili zaidi.

Daftari la Pongwe

Basi mashine moja inakupa 12,500 kwa siku kwa mpira. Sasa weka GTA kwenye mashine hiyohiyo. Gemu ya mtu mmoja, pedi moja. Hakuna anayefungwa, hakuna anayepisha. Utalipisha kwa saa. Tuseme umejitahidi ukaweka 1,500 kwa saa, na mashine haikupata mapumziko kwa saa sita. Ni 9,000. Kwa hiyo mashine ya milioni 1.65 ikicheza GTA inakupa pungufu ya PS4 unayotaka kuiuza kwa laki 3.

Tena angalia benchi. Mpira una watu wawili wanaocheza na sita wanaosubiri, wanabishana, wananunua juisi ya ukwaju na kashata. GTA ina mmoja anayecheza na wengine wanaangalia bure, baada ya nusu saa wamechoka wameondoka.

Ukisema PS5 utaitumia kwa mpira, sawa. Labda utapandisha mechi hadi 700. Nyongeza ni 200, mara 25 ni 5,000 kwa siku. Gawa milioni 1.65 kwa 5,000, unapata siku 330. Miezi kumi na moja ndipo mashine ijirudishe, na hapo sijahesabu CD, wala umeme, wala PS4 mbili zilizoondoka na mechi zake hamsini kwa siku. Hizo mechi hamsini ndizo zinaniumiza mimi. Ni 25,000 kila siku unampa mtu kwa laki 6. Kwa siku 24 angekuwa ameshaipata hela yake yote.

Mgosi wa Barabara ya 12

Aisee. Hii ya siku 24 sikuwahi kuipiga.

Mama wa Makorora

Wanangu hamjambo. Mimi si mchezaji, ni mzazi, na mwanangu wa darasa la sita anapita kwenye mabanda hayo akitoka madrasa. Mpira sina neno nao. Lakini hiyo gemu nyingine nimeiona kwenye simu ya kaka yake: bunduki, matusi, wanawake walio uchi nusu. Naomba mwenye banda unisikie. Wakati mnahesabu faida, mtoto atakayekaa pale saa mbili akiangalia ni wa nani?

Raskazone Usiku

Shikamoo mama. Una haki kabisa. GTA 5 Ulaya ilipewa alama ya umri wa miaka 18, Marekani 17, na hii mpya si ya watoto vilevile. Mgosi, ukiiweka, iwe chumba cha nyuma au saa ambazo watoto hawapo, na skrini isitazame barabara.

Mgosi wa Barabara ya 12

Shikamoo mama. Nimekusikia na nakuahidi. Hata sasa GTA 5 ninayo CD yake ya PS4, siiweki jioni kwa sababu hiyohiyo. Banda langu liko hatua chache kutoka madrasa, na maalimu anapita pale kila siku.

Kijana wa Chumbageni

Subirini, hapo kwenye CD ya GTA 5 kuna kitu. Daftari amehesabu kana kwamba GTA inachukua nafasi ya mpira. Lakini asubuhi mpaka saa nane mchana banda la mpira linakuwa tupu, watu wako kazini na shuleni. Saa hizo ndizo za GTA. Mtu wa bodaboda aliyepumzika, mtu aliyemaliza zamu ya usiku bandarini, hao wanakaa saa mbili mfululizo wanalipa. Hapo ni pesa ambayo haikuwepo.

Daftari la Pongwe

Hapo umenishika, nakubali. Asubuhi yangu ni tupu kweli.

Basi mgosi, jibu tayari unalo ndani ya banda. Chukua hiyo GTA 5, iweke kwenye PS4 moja kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane, 1,000 kwa saa, watu wazima tu. Andika kila anayekaa, kwa miezi miwili. Asubuhi zikijaa, umejua una wateja wa GTA wenye pesa, na PS5 utainunua ukiwa na sababu. Zikikaa tupu, karatasi ya mlangoni kwa mwenzako isikupe presha.

Fundi wa Mabanda ya Papa

Nimechelewa, nilikuwa na kazi mezani. Nilete la ufundi.

Huku kwetu pwani mashine haiuawi na wachezaji, inauawa na hewa ya chumvi na umeme. Nafungua PS4 za mabanda yaliyo karibu na bahari, nakuta vumbi limeshikana na unyevu kwenye feni mpaka limekuwa kama ugali mkavu, na pini za HDMI zina kutu ya kijani. PS4 unaisafisha mwenyewe, unabadilisha gundi ya joto, inaendelea. PS5 ndani yake kuna metali ya majimaji katikati ya prosesa na kipooza joto. Ikimwagika pembeni kwa mkono wa asiyejua, bodi inakwisha. Mwezi jana mteja wangu umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, PS5 ya wiki tatu, pawa saplai kwisha. Hakuwa na stabilaiza.

Kwa hiyo mgosi, kwenye milioni 1.1 yako cha kwanza stabilaiza nzuri. Cha pili pedi. Hizo tano usizitupe. Beki anayetembea mwenyewe ni analogi iliyolika ndani, mpira wa juu hauhusiki. Naweza kukuwekea analogi za sumaku, zile ambazo hazina vipande vinavyosuguana, kwa hiyo haziliki haraka. Mteja anayefungwa kwa sababu ya pedi mbovu harudi, na hao wako watatu sitashangaa kama waliondoka kwa ajili ya pedi, wala si karatasi ya mlangoni.

Raskazone Usiku

Fundi umegusa penyewe. Niongeze moja la kufuatilia, kwa sababu naona wote tunaangalia GTA na hatari iko kwingine. Mgosi, banda lako linaishi kwa FC, ambayo mtaani bado tunaiita FIFA ingawa jina lilibadilika 2023. FIFA ya mwisho kwenye PS3 ilikuwa FIFA 19, mwaka 2018, miaka mitano baada ya PS4 kutoka. PS5 nayo imeshafika miaka mitano sokoni, kwa hiyo PS4 iko pale ilipokuwa PS3. Kila mwaka EA, watengenezaji wake, wakitangaza FC mpya, kabla ya kuangalia nani yuko kwenye kava, soma mstari unaotaja mashine itakazochezwa. Siku PS4 ikikosekana kwenye mstari huo ndipo uhame. Na hata hapo vijana watacheza ya zamani msimu mzima huku fundi wa mtaani anabadilisha jezi na vikosi, utapata muda wa kujipanga.

Na wakikuambia GTA 6 itauzwa dola 100, hilo lilianzia kwa mchambuzi Matthew Ball, aliyeandika Januari 2025 kwamba baadhi ya watu wa viwanda vya gemu wanatumaini iuzwe dola 80 hadi 100. Lilikuwa tumaini la wauzaji, mtaani likageuka tangazo.

Mgosi wa Barabara ya 12

Wakuu, nimesoma yote mara mbili, mara ya pili nikiwa na mke wangu pembeni. Yule wa PS4 nimempigia, nimemwambia siuzi.

Kesho asubuhi GTA 5 inaingia kwenye mashine ya ukutani, ile isiyoonekana kutoka barabarani. Daftari nimenunua jipya. Wale wateja watatu nitawatafuta niwaulize wenyewe kama ni pedi. Fundi, kesho nakuja Mabanda ya Papa na pedi tano kwenye mfuko. Analogi hizo za sumaku ni bei gani kwa pedi moja, na unaziweka nikiwa nasubiri au naziacha?

Fundi wa Mabanda ya Papa

Njoo nazo tuonane, bei tutaelewana kwa sababu ni tano. Ziache, jioni uchukue. Na hiyo gundi ya tyubu ibandue usiku huu ikiwa bado laini, ikikaukia kwenye shina la analogi inanichukua saa nzima kuikwangua.